Vibonzo vya kale vya paka na panya: kwa nini havichuji? Na cha paka na punda wa Lamu kitengenezwe vipi?

pakawalangoni (Lamu)

Asalaam alaikum wana jukwaa. Nina maswali mawili yaliyofungana.

La kwanza: vibonzo vifupi vya sinema vya miaka ya 1940, vile vya dakika saba vya paka na panya (Tom na Jerry), humshika mtoto wa miaka minne na babu yake kwa pamoja, na karibu havina maneno. Vingi vya siku hizi huongea mwanzo hadi mwisho na haviachi kitu kichwani. Siri iko wapi hasa? Msinijibu kwamba vinachekesha, hilo tunalijua.

La pili ndilo kazi yenyewe. Tunachora kibonzo cha sekunde 60 kwenye Krita (programu ya kuchorea), fremu (picha) 24 kwa sekunde, mchoro mmoja kila fremu mbili. Wahusika ni paka na punda, mahali ni kichochoro cha mtaa wetu wa Langoni, mazungumzo hakuna. Kitaonyeshwa usiku kwenye ukuta wa chokaa kwa projekta ya kuazima. Kisa kwa sasa: punda amebeba shogi (mfuko mpana wa mzigo unaoning'inia pande zote mbili), ndani ya shogi mna kikapu cha samaki. Paka anaiba tasi, punda anamrusha kwa teke hadi juu ya ukuta, paka anaanguka. Anarudi, teke, anaanguka. Mara tatu. Anguko la kutoka juu ya ukuta (kama mita 3) tumelipa fremu 40 ili watu walione vizuri. Rasimu imeonyeshwa kwa watoto: teke la kwanza walicheka, la pili kidogo, la tatu wakaanza kupiga soga zao. Kasoro iko wapi?

---

fremu24 (Malindi)

Waalaikum salaam. Naanza na zile fremu 40, maana hapo ndipo kicheko kilipofia.

Kitu kikiachiwa kutoka mita 3 hufika chini kwa takriban sekunde 0.78, yaani fremu 19. Fremu 40 ni sekunde moja na theluthi mbili. Kwa muda huo kitu kingeanguka zaidi ya mita 13. Mtoto hajui hesabu hiyo lakini macho yake yanaijua, kwa sababu kila siku anaona maembe yakidondoka. Akimwona paka anateremka ukuta mfupi kwa fremu 40 anaona puto. Puto likianguka nani atacheka?

Angalieni pia nafasi kati ya mchoro na mchoro. Nadhani mmezigawa sawasawa, na ndiyo maana paka anaonekana kama anateremshwa kwa kamba. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo: nafasi zake hufuata 1, 3, 5, 7, 9 na kuendelea. Kwa ukuta wa mita 3 na michoro 10 (fremu 20), nafasi ya kwanza ni sentimita 3, ya pili 9, ya tatu 15, na ya mwisho 57. Jumla mita 3 kamili. Wekeni alama hizo kwenye safu ya mwongozo kabla ya kumchora paka mwenyewe.

Hayo ni maumbile. Katuni huyajua maumbile kisha huyavunja makusudi, na mahali pa kuyavunja ni kabla ya anguko. Paka akifika juu, mpeni fremu 12 hadi 16 amening'inia hewani, hatikisiki. Macho tu ndiyo yanayosogea: yatazame chini, kisha yatutazame sisi. Halafu aanguke kwa fremu 8, upesi kuliko maumbile. Jumla ni 20 hadi 24, karibu nusu ya fremu zenu, na kila mtu ataona vizuri kuliko sasa, kwa kuwa ule muda wa kuning'inia ndio unaomruhusu mtazamaji kujua kitakachotokea sekunde nusu kabla hakijatokea. Kicheko kinaandaliwa hapo. Kishindo kinakifungulia mlango tu.

Chuck Jones, aliyeanzisha mbio za yule mbwa mwitu wa jangwani na ndege wake (Wile E. Coyote na Road Runner) mwaka 1949 huko studio ya Warner, alieleza kuwa mbwa mwitu akitumbukia bondeni alimpa fremu 18 hadi apotee machoni, kisha fremu 14 za kungoja vumbi la kishindo. Alisema 13 hazikuchekesha na 15 hazikuchekesha. Tofauti ni moja ya ishirini na nne ya sekunde. Mkiona natia chumvi kuhusu fremu, mfikirieni huyo.

Kila tendo lina sehemu tatu: kujiandaa, kutenda, kupokea. Wachoraji wapya hutumia fremu zote kwenye kutenda. Kwa teke la punda mimi ningegawa hivi: kujiandaa fremu 10 (masikio nyuma, kichwa chini, uzito wote unahamia miguu ya mbele, nyonga inapanda), teke lenyewe fremu 3, kisha punda anabaki kama alivyo fremu 20 hivi akitafuna kana kwamba hakufanya kitu. Kwenye zile fremu 3 msichore kila hatua ya mguu. Mchoro mmoja wenye miguu iliyorefushwa kama ute unatosha. Ukiusimamisha ni kichekesho kwa sura yake mbaya. Ukipita kwa kasi hakuna anayeuona, wanausikia mwilini.

Wale wa studio ya MGM, waliotengeneza Tom na Jerry, walijua haya kabla kalamu haijagusa karatasi. Katika wawili walioanzisha paka na panya mwaka 1940, Joseph Barbera alichora mtiririko wa kisa, picha kwa picha, na William Hanna alipanga muda wa kila pigo kwa mizani ya muziki. Dakika saba ni fremu 10,080. Hakuna mtu wa kuchora fremu elfu kumi kisha akaanza kutafuta wapi pa kukata.

---

bintimkomani (Lamu)

Hesabu za fremu24 ni sahihi, ila haziwezi kukiokoa kisa hiki. Mateke matatu yanayofanana yatabaki mateke matatu hata yakipimwa kwa dhahabu.

Kinachokosekana ni sharti. Kitazame kile kibonzo cha kwanza kabisa cha wale wawili, *Puss Gets the Boot* cha 1940. Mtumishi wa nyumba anamwambia paka: ukivunja kitu kimoja tena, nje. Basi. Kuanzia hapo panya hahitaji nguvu wala silaha. Anachukua gilasi, anaisogeza ukingoni mwa meza, na paka mkubwa mwenye kucha anasimama kama mtumwa. Kila kikombe ndani ya nyumba ile kimekuwa bunduki. Sharti moja limegeuza mizani, na mtoto wa miaka minne analielewa kwa sababu naye kwao kuna sharti la namna hiyo.

Kwenu nani anakatazwa nini? Hakuna. Paka ana njaa, punda anakasirika, imekwisha. Mimi ningemgeuza punda awe mwenye kufungwa: mchana baada ya adhuhuri, watu wamelala, mwenye punda anatoka kwa hasira na kumwonyesha lile rundo la mawe ya matumbawe linalongoja kubebwa. Kidole mdomoni: ukilia tena, hilo rundo ni lako. Anaingia ndani. Sasa paka ndiye anayetaka punda alie, kwa sababu mtu akitoka na kelele mlango unabaki wazi, na ndani mna samaki. Punda amejaa kilio, hawezi kukitoa. Hapo mna kisa bila neno moja.

Na mlio wa punda ni zawadi kwa mchoraji. Punda hulia akivuta pumzi na akiitoa, sehemu mbili, ya kwanza inakwaruza na kupanda, ya pili inapasuka. Ile ya kuvuta ndiyo kujiandaa alikokuzungumzia fremu24, na maumbile yamekupa bure. Tumbo linajaa, shingo inanyooka, mdomo unafunguka, na hapo ndipo mnakata: dirisha juu linafunguka kidogo. Punda anakwama na pumzi ndani. Mshikeni hapo kwa muda mrefu kuliko mnavyothubutu.

Mwenye punda asionekane uso. Onyesheni pindo la kanzu na makubadhi tu, na mkono wa kuonyesha rundo. Kamera ikae chini, kimo cha paka. Binadamu akionyeshwa uso, mtazamaji anaanza kumwangalia yeye na wanyama wanakuwa mapambo.

Tena msipoteze kichochoro. Kwenye nyumba kubwa ya Kimarekani mbio huzunguka meza. Kichochoro cha Langoni hakina pa kuzunguka: punda mwenye shogi pande zote mbili anakijaza, kwa hiyo kuna mbele, nyuma, na juu. Paka peke yake ndiye mwenye juu: baraza, daka (ukumbi wa mlangoni), dirisha, wikio (daraja la juu linalounganisha nyumba mbili). Huo ndio ukubwa na udogo wao unaoonekana kwa macho. Kila mahali patakapotumika paonekane mapema, katika picha ya kwanza. Kama paka ataruka kutoka wikioni sekunde ya 40, wikio lionekane sekunde ya 2.

Jambo moja kuhusu swali la kwanza. Watu husema vibonzo hivi ni ngano zetu za sungura kwa rangi nyingine, mdogo mjanja kumshinda mkubwa mjinga. Nusu kweli. Ujanja wa ngano zetu uko ulimini. Kima anamwambia papa kwamba moyo wake ameuacha mtini, na papa anamrudisha pwani. Huwezi kuuchora uongo huo; lazima usemwe. Katika kibonzo kisicho na maneno hila nzima iwe mkononi, mtazamaji aione ikitegwa, na mtegwaji asiione. Ndiyo maana ngano haigeuki kibonzo kwa kuchorewa picha tu.

---

kibaraza_cha_shela (Malindi)

Naongezea kwa bintimkomani: mdogo si mwema. Wengi wanaonakili mtindo huu humfanya panya malaika na paka shetani, na kibonzo kinalala. Katika *The Million Dollar Cat* cha 1944 paka anarithi dola milioni kwa sharti asimdhuru kiumbe yeyote, hata panya. Panya akishaijua barua hiyo anamfuata mpaka kwenye anasa zake akimchokoza kwa raha zake. Mwishoni paka anamrukia, pesa zinakwenda, naye anasema ana furaha. Nani mwonevu hapo? Ndiyo maana mtoto anabadilisha upande mara tatu ndani ya dakika saba na hachoki.

Kwa hiyo paka wenu ashinde mara moja, punda ashinde mara moja, na ya mwisho wapoteze wote au washinde wote.

Tena vibonzo hivi havikutengenezewa watoto. Vilionyeshwa kumbini kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Kuitwa "vya watoto" kulikuja na televisheni. Wao walitaka kumchekesha baba na mtoto aliyeketi kando yake kwa pigo moja, na njia ya kufika kwa wote wawili ni mwili.

---

wayamrefu (Lamu)

Mmesahau masikio. Zimeni sauti mtazame tena chochote cha Hanna na Barbera: bado kizuri, lakini kicheko kimepungua nusu. Muziki wa Scott Bradley unafuata kila hatua, na ule ukelele wa paka akibanwa kidole ni koo la Hanna mwenyewe.

Chagueni mdundo kabla ya kuchora. Pigo moja kila fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea kawaida. Kila fremu 8 ni mapigo 180. Kwato za punda zikigusa chini kila fremu 8, miguu ya paka iguse kila fremu 4, wawili hao tayari wanapiga ngoma moja bila mpigaji. Mdundo ukivunjika, mtazamaji anajua kuna jambo. Na kabla ya kishindo kikubwa katisheni muziki fremu 6 hadi 8. Ukimya huo mfupi ndio unaofanya kishindo kionekane kikubwa. Kuongeza sauti peke yake kunachosha masikio.

Kwato: vifuu viwili vya nazi juu ya jiwe, na kitambaa chembamba kati yake mkitaka vumbi. Mlio wa punda rekodini wa kweli, mahali pasipo na mwangwi, maana mwangwi wa kichochoro mtaupata bure siku ya maonyesho.

Sasa balaa lenyewe la siku ya maonyesho: spika ya bluetooth. Huchelewesha sauti, na mara nyingi ucheleweshaji hufika sehemu mbili za kumi za sekunde, karibu fremu 5. Teke lenu ni fremu 3. Maana yake punda ameshamaliza na anatafuna ndipo watu wanasikia "pa!". Simu nyingine husawazisha zenyewe zikicheza video, lakini msilitegemee hilo na projekta ya kuazima. Tumieni waya. Na spika iwe chini ya picha, si nyuma ya watazamaji: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, hivyo kila mita 14 ni fremu moja ya kuchelewa. Aliye mita 14 hatagundua. Aliye mita 40 atagundua.

---

pakawalangoni (Lamu)

Shukrani sana. Sharti la mlio tumelichukua lilivyo, na teke limebaki moja tu. Maswali mawili. Punda akitembea miguu yake inateleza, kama yuko juu ya sabuni. Na kwa sekunde 60 ni michoro mingapi kwa haki? Tuko wachoraji watatu.

---

mguuwanne (Lamu)

Kuteleza kwanza, sababu ziko mbili. Ama mpangilio wa miguu si sahihi, ama ardhi na mguu haviendi mwendo mmoja.

Mpangilio wa punda anayetembea: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mapigo manne. Paka anatembea hivyo hivyo. Wengi huchora miguu ya mshazari ikienda pamoja, mbele kushoto na nyuma kulia, lakini huo ni mwendo wa kukimbia mdogo mdogo, na ukiutia kwenye mwendo wa polepole punda anaonekana mwanasesere. Duru nzima iwe fremu 32: nyuma kushoto inagusa fremu ya 1, mbele kushoto ya 9, nyuma kulia ya 17, mbele kulia ya 25, na ya 33 ni ya 1 tena. Mchoro kila fremu mbili ni michoro 16, mnairudia mpendavyo. Inaingia sawa kwenye mdundo wa fremu 8 wa wayamrefu.

Kichwa cha punda kishuke na kupanda na mwendo. Punda aliyebeba mzigo hutikisa kichwa kuliko asiyebeba, na shogi lichelewe nyuma ya mwili kwa fremu 2 hadi 4: mwili umeshasimama, mzigo bado unayumba. Kitu hicho kimoja kinaonyesha uzito kuliko kivuli chochote.

Ardhi: mguu ukiwa chini usogee nyuma kipimo kilekile kila mchoro, tuseme pikseli 12, na picha ya kichochoro isogee pikseli 12 kila fremu mbili. Ikisogea 10 au 15, sabuni. Na hapa mtego: mkisogeza picha ya nyuma kila fremu na mguu kila fremu mbili, mguu utatetemeka hata vipimo vikilingana. Vyote viwili viende kila fremu mbili.

Hesabu ya michoro. Sekunde 60 ni fremu 1,440, kila mbili ni michoro 720. Hiyo ni dari. Kisa cha bintimkomani kimejaa kusimama: punda anashika pumzi, paka anangoja, dirisha liko wazi. Kama theluthi ya muda ni kusimama, mnabaki na 480, na duru ya kutembea inakata tena, kwa sababu michoro 16 inaweza kujaza sekunde 6 au 7. Ningekadiria 350 hadi 400 za yule anayetenda kwa wakati huo. Kwa kuwa mara nyingi mmoja anatenda na mwingine ametulia, msizidishe kwa mbili. Ila kusimama kusiwe kufa. Mchoro mmoja ukikaa zaidi ya fremu 16 hivi unaanza kuonekana kama mashine imekwama. Wekeni kope, sikio moja, ncha ya mkia kwenye tabaka lake peke yake, mwili ubaki uleule. Wale wa zamani walifanya hivyo kwa plastiki angavu: mwili kwenye moja, mkono kwenye nyingine juu yake.

Wachoraji watatu: gawaneni wahusika, si sekunde. Mmoja akichora punda sekunde 20 za kwanza na mwingine sekunde 20 za pili, mtapata punda wawili. Mmoja punda, mmoja paka, wa tatu kichochoro, vumbi, makubadhi na usafi wa mistari. Na kabla ya chochote, karatasi moja ya mfano: punda kimo cha paka wangapi? Amueni, mfano paka watatu na nusu hadi begani, na isibadilike.

---

kibaraza_cha_shela (Malindi)

Kabla hamjawapa watoto wavitazame vile vya zamani kama somo, vitazameni nyinyi kwanza. Mna dhihaka za ngozi nyeusi ndani yake ambazo hatuna sababu ya kuzimeza: bomu likilipuka uso wa mhusika unageuka mweusi na midomo minene, na mtumishi mweusi wa nyumba ile, sauti yake Lillian Randolph, amechorwa kwa mtindo wa kejeli wa zama zile. Miaka ya 1960 Marekani yenyewe ilivitengeneza upya baadhi ya vipande hivyo kwa ajili ya televisheni, ikaweka mwanamke mzungu na sauti ya June Foray. Kwa somo la muda na mwili anzeni na *The Cat Concerto*, paka kwenye piano na panya ndani yake: mahali ni pamoja, muziki ni mmoja wa Liszt, na ukorofi hauna mipaka.

Pili, angalieni nakala. Vile vya kabla ya 1954 vilichorwa kwa umbo la karibu mraba, 1.37 kwa 1. Kwenye runinga pana mtu akibonyeza "jaza skrini", karibu robo ya kimo cha picha inakatwa juu na chini. Panya anaishi sakafuni! Miguu yote na nusu ya hila zinakwenda. Acheni pande zibaki nyeusi.

Tatu, zimeni ile programu ya runinga mpya inayolainisha mwendo kwa kubuni fremu za katikati. Inachukua ule mchoro wa ute alioutaja fremu24 na kuupaka kama siagi, na zile fremu 14 za Chuck Jones hazibaki 14. Kama mnapima muda kwa nakala za kale za televisheni ya hapa, kumbukeni pia kwamba filamu ya fremu 24 ilikuwa ikichezwa 25 kwa mfumo wa PAL. Kibonzo cha dakika 7 kinaisha kwa dakika 6 na sekunde 43, na sauti imepanda kidogo. Mkihesabu fremu moja moja mtakuwa salama, mkipima kwa saa ya mkononi mtakosea kwa asilimia 4.

Na leseni ya maonyesho ya hadhara ulizeni KFCB (bodi ya Kenya ya kuainisha filamu) mapema, hata kama kibonzo ni chenu.

---

pakawalangoni (Lamu)

Mpango mpya wa sehemu ya kati, nauweka mpasue:

Punda anavuta pumzi, fremu 28. Dirisha linafunguka kidogo, fremu 6. Punda amekwama, tumbo limejaa, fremu 36, macho tu yanasogea. Paka juu ya wikio anachukua unyoya, anauonyesha kwetu, fremu 20. Unyoya unashuka taratibu hadi puani, fremu 48. Chafya badala ya mlio, fremu 4. Tasi anatoka kikapuni kwa upepo wa chafya, anapita dirishani.

---

bintimkomani (Lamu)

Chafya ni nzuri kuliko nilichowaza. Lakini unyoya umetoka wapi? Hatujauona. Mwekeni kuku barazani kwenye picha ya kwanza, au njiwa dirishani, apite tu na kuacha unyoya mmoja. Na samaki akiingia ndani kwa mwenye nyumba, paka amekosa na punda amejiponza: kelele ya chafya nayo si inahesabika? Makubadhi yatoke mlangoni, yasimame, mkono uwe na tasi. Sharti lilikuwa mlio. Chafya haikutajwa. Punda anaonekana anafikiria kama ataponea hapo.

---

fremu24 (Malindi)

Nakubaliana na huyo binti kuhusu kuku. Kwenye muda: unyoya fremu 48 ni sawa, kwa kuwa unyoya hauanguki kama paka, hewa inaushika, uyumbe kushoto kulia mara tatu, fremu 16 kila yumbo, na kila mwisho wa yumbo polepole, katikati upesi. Ila 36 za kukwama pamoja na 20 za kuuonyesha unyoya ni 56 ambazo punda hafanyi kitu. Punguzeni 36 ziwe 24, na zile 12 mzihamishie baada ya unyoya kugusa pua. Hapo punda ajue, pua itikisike mara moja, kila kitu kisimame fremu 12, muziki ukatike kwenye ya sita. Ndipo chafya. Fremu zake 4 zitoshe: mbili kichwa kikienda nyuma, moja ya ute, moja kikiwa mbele kabisa. Sauti ianze kwenye ile ya ute, isianze fremu moja kabla.